Futa Diski

Jumatatu, 4 Machi

Likizo imeanza. Siku saba bila masjala, bila majalada, bila mkuu wa ofisi kuniuliza barua ya mwaka juzi iko wapi. Iko mahali pake. Miaka kumi na tisa sijapoteza hata jalada moja. Naliandika hili mwenyewe kwa sababu sijaona mwingine aliyeliandika.

Mke wangu ameondoka asubuhi kwenda kumsaidia mama yake kuhama nyumba. Atarudi Jumamosi. Ameniachia maagizo matatu: nimwagilie maua, nisisahau kufunga mlango wa nyuma, nisiiguse kompyuta yake ndogo. La tatu amelirudia akiwa ameshika begi, kisha akalirudia tena kupitia dirisha la teksi. Dereva naye akanitazama vibaya.

Sababu ya ukali: ndani ya hicho kikompyuta kuna vipimo vya bendi ya matarumbeta. Watu ishirini na wanne, makoti ishirini na manne, mabega yenye shada, vifungo vya rangi ya dhahabu. Hajawahi kupata kazi kubwa kama hiyo tangu ashike mkasi. Jumatatu ijayo anaanza kukata kitambaa. Akiimaliza vizuri, kiongozi wa bendi atampa kazi ya bendi nyingine mbili, na hapo ataweza kukodi chumba chake chenye mlango, badala ya kushonea sebuleni kwetu. Mimi pia nakitaka chumba hicho kwa moyo wote. Mwaka huu pekee nimekalia sindano mara nne.

Ila kikompyuta kimechoka jamani. Ukikiwasha, unaweza kuchemsha chai, ukainywa na kuosha kikombe kabla hakijafunguka. Jana mezani shemeji, mdogo wake mke wangu, alisema dawa yake ni Linux. Shemeji anafanya kazi kwenye duka la printa, kwa hiyo ukoo mzima unamwita Mtaalamu. Alieleza kuwa Linux ni mfumo wa kuendeshea kompyuta, mwepesi, wa bure, na vikompyuta vizee vikiwekewa hurudia ujana. Nikasema mbona jambo dogo, hata mimi naweza kuiweka. Mtaalamu akatabasamu, akasema si kazi ya kila mtu, kisha akaomba chumvi.

Akaomba chumvi! Kama vile mjadala umekwisha.

Mpango ni huu. Jumamosi mke wangu atakuta kompyuta mpya ndani ya ganda la zamani. Atafurahi. Mtaalamu atakuja kula, atanyamaza, na chumvi atajichukulia mwenyewe. Maua nimeshamwagilia.

Jumanne, 5 Machi

Kwanza inatakiwa flashi. Nimeipata kwenye kopo la vifungo, chini kabisa, imefungwa uzi mwekundu. Watu wanatunza vitu ovyo mno. Masjala tungeipa namba.

Nimeipeleka duka la simu pale kwenye kona. Mwenye duka ni dada mwenye miwani mikubwa na subira ndogo. Alisema ataipakua Linux na kuiweka kwenye flashi, ila vilivyomo vitapotea vyote. Akanigeuzia kioo nivione. Orodha ndefu: Tarumbeta 1, Tarumbeta 2, Ngoma Kubwa, Filimbi Mnene, Filimbi Mwembamba. Nikamwambia hizo ni nyimbo tu, na mimi si mpenzi wa muziki. Isitoshe, Filimbi Mnene! Filimbi ni nene, haiwi mnene. Watu wa siku hizi hata sarufi imewashinda. Dada akaniuliza kama nina hakika. Nikamjibu kuwa anaongea na mtu wa masjala. Akabonyeza.

Nyumbani nikachomeka flashi, nikawasha. Jambo la kwanza, mashine ikanitaka nichague lugha. Nikashuka kwenye orodha bila matumaini, na hapo nikaiona: Kiswahili. Moyo wangu ulifurahi, sifichi. Ikaniuliza niko wapi, naitwa nani, natumia kibodi ya aina gani, yote kwa adabu kama mgeni aliyelelewa vizuri.

Kisha ikaandika: Futa diski na usakinishe Linux.

Nikasimama kidogo nikatafakari. Kumbe tatizo la miaka yote ni uchafu! Na kwa nini isiwe hivyo? Kikompyuta kimekaa miaka sita kwenye sebule yenye vumbi la kitambaa na vipande vya nyuzi. Lazima diski imejaa taka. Mimi mwenyewe kila asubuhi nafuta meza yangu ofisini, na majalada yanabaki pale pale, tena yanapendeza zaidi. Chini yake kulikuwa na maneno mengine kwa herufi ndogo, nusu yake kwa lugha ya watu. Sikuyasoma. Herufi ndogo huandikwa na watu wasiojiamini.

Nikabonyeza Ndiyo. Nikachukua kitambaa laini nikafuta kioo wakati yenyewe inafuta diski. Tulifanya kazi pamoja, kimyakimya, kama dakika arobaini. Saa tisa alasiri ikafika asilimia mia, nikairudisha flashi kwenye kopo la vifungo, na uzi wake.

Mtaalamu, kaa chonjo.

Jumatano, 6 Machi

Inawaka kabla sijavuta kiti! Kioo ni cha samawati, safi, hakina hata doa. Kuna matatizo madogo madogo.

La kwanza: nikiandika bwana, inatoka bzqnq. Inaonekana jana nilichagua kibodi ya Kifaransa, kidole kiliteleza. Nimeirekebisha. Baada ya hapo ikakataa nywila yangu, maana niliiweka kwa Kifaransa bila kujua. Saa nzima nimefungiwa nje ya kompyuta niliyoifufua kwa mikono yangu.

La pili: kile kibao cha kugusia kwa kidole kimegeuka. Napeleka kidole juu, kishale kinashuka. Nimeamua kukizoea. Mke wangu naye atakizoea.

La tatu ndilo zito. Hakuna waifai. Inasema haioni kifaa chochote cha waifai, kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kusikia habari za waifai maishani. Nikaigeuza, nikafungua skrubu kumi na moja. Ndani nimekuta pini moja, kifungo kimoja cha shati na vumbi la kutosha kujazia mto. Nikapuliza. Nikagusa kila waya nilioweza kuufikia. Nikafunga. Zimebaki skrubu tatu, bila shaka ni za akiba. Waifai hakuna, na sasa ukiiweka mezani inayumba.

Saa kumi nikaona niangalie vipimo vya bendi, nijue vimekaa wapi kwenye mpangilio mpya. Sivioni. Sikubabaika. Masjala hakuna kitu kinachopotea, kuna kitu kilichowekwa mahali pengine. Nikafungua kila mahali panapofunguka. Nimekuta picha ya mlima na mchezo wa karata.

Nikaenda kwa dada wa duka la simu, nikamuuliza kwa mbali, kama mtu anayepita tu, mtu akishafuta diski, mafaili yake huwa yanahamia wapi. Akavua miwani. Akaniuliza ni diski ya nani. Nikasema ya rafiki. Akasema kufuta ni kufuta. Nikamweleza kuwa nafuta meza kila siku. Akasema ile si kufuta meza, ile ni kufuta jina kwenye orodha.

Kijasho chembamba kilinitoka hadi kwenye soksi. Nimerudi nyumbani nikakaa kwenye kiti chake cha kushonea nikitazama majora ya kitambaa yaliyosimama kando ya ukuta. Ni chekundu, kizuri sana. Amekigusa mara mia tangu kilipoletwa.

Jumla ya nafsi zilizofutwa: ishirini na nne.

Alhamisi, 7 Machi

Mke wangu amepiga simu saa mbili asubuhi. Kwa mama yake kuna duka lenye bitana nzuri, anataka kujua kama itatosha kwa yule mpiga ngoma kubwa. Akaniambia leo tu naruhusiwa, nifungue kompyuta nimsomee kifua cha huyo mtu. Nikapapasa kibodi ili asikie mlio. Nikasema mia moja na kumi na mbili. Akasema alidhani ni zaidi. Nikasema labda amekonda. Akasema vipimo havikondi ndani ya kompyuta, lakini sawa, akakata.

Nimeona haya. Nimeoa mwanamke anayeniamini, nami nimemsomea hewa.

Nikasikia kwamba kuna programu za kurudisha vilivyofutwa, ila lazima zipakuliwe, na kupakua kunataka waifai. Hapakuwa na njia. Nikamwita Mtaalamu.

Amekuja saa sita, amevaa shati la duka lao lenye kalamu tatu mfukoni. Nikamwambia kompyuta ya dada yake imekuwa na hitilafu ndogo ya waifai. Akaiona Linux. Akaniuliza nani kaiweka. Nikasema mimi, nikatazama dari. Akatikisa kichwa taratibu, kwa heshima kabisa, na kwa sekunde nne nilikuwa mtu mwenye furaha.

Kisha akaigeuza ubavuni. Pale ubavuni kuna kitufe cha kuteleza, kidogo kuliko punje ya mchele. Akakisukuma kwa ukucha. Waifai ikawaka. Akaniambia kitufe hicho huzima na kuwasha waifai, na labda nilikigusa nilipokuwa nafuta kioo. Nikamwambia nilikuwa naelekea huko huko. Akaziona skrubu tatu kwenye kisosi. Akaniombea uzima.

Nikamuuliza kuhusu rafiki yangu aliyefuta diski ya mkewe. Mtaalamu akafikiri sana. Akasema ukishaweka mfumo mpya juu ya vilivyofutwa, ni kama kujenga nyumba juu ya shimo ulilofukia, hutoki na kitu. Akashauri rafiki yangu atafute pa kulala kuanzia Jumamosi. Mlangoni akageuka, akasema, msalimie rafiki yako, naye amsalimie dada yangu.

Anajua. Nyoka mwenye kalamu tatu.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeamka na wazo. Futa imeniponza, futi itaniokoa! Nimechukua ile futi ya mke wangu, utepe wa njano anaouvaa shingoni, nikaenda kwenye ukumbi wanakofanyia mazoezi. Kama vipimo vimepotea, vipimwe upya. Watu wenyewe bado wapo.

Nikajitambulisha kwa kiongozi wa bendi kuwa nimetoka kwa fundi na ni zoezi la uhakiki. Neno uhakiki halijawahi kuniangusha. Hata mkuu wetu wa ofisi ukimwambia uhakiki anasimama. Kiongozi akaamuru wapange foleni, huku wengine wakiendelea kupiga.

Kupima watu si kazi rahisi kama inavyoonekana kutoka kwenye kochi. Mpiga ngoma kubwa alikataa kuivua ngoma, akidai mkanda wake ukifunguliwa haufungiki tena mpaka aje fundi. Nikapima kuzunguka ngoma, kisha nikapunguza kwa makadirio. Wapiga tarumbeta wanavuta pumzi, kifua kinapanda, wanapuliza, kinashuka, nikaandika katikati. Mama mmoja wa ala ya shaba alisema yeye hashikwi na mwanamume mwenye futi ambaye hata hajui kuishika. Yeye nilimpima kwa macho, nikiwa upande wa pili wa ukumbi.

Kisha wakaja wawili wa filimbi. Mmoja mwembamba. Mwingine mnene.

Nilisimama na futi mkononi. Filimbi Mnene. Filimbi Mwembamba. Tarumbeta 1. Ngoma Kubwa. Yule dada alinigeuzia kioo nikaviona kwa macho yangu mawili, nikasahihisha sarufi. Kwa hiyo ile flashi ya uzi mwekundu ilikuwa nakala. Nilifuta nakala Jumanne asubuhi, na asili nikaifuta Jumanne mchana. Huko masjala ukitaka kupoteza kitu kwa ukamilifu kama huo, lazima upate kibali cha kamati.

Filimbi Mnene aliniuliza kama naumwa. Nikasema ni uchovu wa uhakiki.

Nimemaliza wote kabla ya jua kuzama.

Jumamosi, 9 Machi

Asubuhi nimeingiza vipimo vyote kwenye kompyuta, katika jedwali lenye namba za usajili. Nilipokuwa naandika nikagundua futi ina pande mbili, upande mmoja sentimita, upande mwingine inchi, na kwamba jana ilikuwa inageuka mikononi mwangu kadiri ipendavyo. Kiongozi wa bendi ana kifua cha arobaini na moja na kiuno cha tisini na saba. Nimezilinganisha kwa busara. Jedwali linapendeza.

Amefika saa nane. Amenikumbatia. Amewasha kompyuta, ikafunguka papo hapo, akapiga makofi. Nilijua basi, nimepona. Akaniuliza nani kafanya, nikasema mimi. Akanishika shavu. Naandika hilo kwa sababu lilidumu kidogo tu.

Akafungua jedwali. Akasoma. Akasogea karibu na kioo akasoma tena. Akaniuliza mpiga ngoma kubwa ana mabega ya mita moja na nusu tangu lini. Nikasema nilipima na ngoma. Akasema, umepima?

Nikamwambia. Sikubakiza kitu, isipokuwa flashi. Kufuta meza, kufuta diski, mchezo wa karata, uhakiki. Nilitarajia anifokee. Akacheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi, na huko pia kunaitwa kufuta lakini sikuona vyema kutaja. Akasema nitulie, yeye anajua ameolewa na nani, na kabla ya kusafiri aliweka nakala mahali ambapo siwezi kupafikiria. Akanyanyua kopo la vifungo.

Sijawahi kuchukia mlio wa vifungo kiasi hiki.

Akaichomeka flashi. Ikaonekana Linux. Akaichomoa, akautazama ule uzi mwekundu, akaichomeka tena. Kicheko kikakatika. Akakaa kwenye kiti chake. Akasema, si kwa hasira, kwamba wale watu aliwapima mmoja mmoja kwa wiki mbili, jioni baada ya kazi, na wengine aliwafuata hadi makwao. Kisha akaufungua ule uzi mwekundu, akaurudisha peke yake kwenye kopo. Angepiga meza ningejua la kujibu. Nilijisikia mdogo kuliko kile kitufe cha ubavuni.

Nikamwambia samahani. Nililisema vizuri, bila kuongeza kitu. Alisema amesikia.

Jumapili, 10 Machi

Alimpigia kiongozi wa bendi asubuhi na mapema, akaomba watu wote waje ukumbini. Wamekuja ishirini na watatu, mmoja alikuwa na homa, tukamfuata kwake.

Yeye akipima, mimi nikiandika. Daftari la karatasi, jalada gumu, wino usiofutika. Hayo yote ni masharti yake. Nilikuwa sijawahi kumwona kazini zaidi ya kumwona mgongo wake sebuleni. Anaweka viganja juu ya mabega ya mtu, anafumba macho kidogo, ndipo anaweka futi. Tarumbeta 1 bega lake la kushoto liko chini kuliko la kulia kwa sababu ya miaka ya kubeba ala. Alilikumbuka hilo kabla hajampima, na wengine wengi aliwajua kwa mikono kabla namba haijatoka. Mpiga ngoma kubwa aliambiwa avue ngoma. Akaivua. Mkanda ulifungika bila fundi yeyote.

Nilijivunia mke wangu mpaka nikasahau kuandika. Nikasingizia vumbi.

Bendi ilisikia habari yote kutoka kwa Mtaalamu, aliyekuja eti kusaidia kubeba daftari. Nilipoingia ukumbini walinipigia ule wimbo wa taratibu wa maziko. Mpaka mwisho, beti zote. Filimbi Mnene alipiga kwa hisia kupita kiasi.

Saa kumi na moja jioni tulikuwa tumemaliza. Watu ishirini na wanne, kurasa ishirini na nne, kwa mwandiko wangu wa masjala ambao hata yeye aliusifu. Kesho anaanza kukata kama ilivyopangwa. Alisema chumba atakikodi, tena hatangojea bendi nyingine mbili. Utakuwepo mlango, utakuwepo ufunguo mmoja, na ufunguo huo atakaa nao yeye. Nikauliza kama kuna wa akiba. Akasema wa akiba atampa mama wa ala ya shaba.

Nimekubali. Nimestahili. Wiki hii imenifundisha mengi sana na nitayaorodhesha hapa nikipata nafasi.

Jumatatu, 11 Machi

Kazini. Mkuu aliuliza barua ya mwaka juzi. Ilikuwa mahali pake.

Jioni Mtaalamu amepita kutusalimia. Mvua ilikuwa inanyesha, akaogopa laptopu yake isiloe, akaiacha mezani mpaka kesho. Ni ile kubwa, ya kazini kwao, yenye mahesabu ya duka zima. Akaondoka na mwavuli wetu. Mke wangu naye ameenda kukiona chumba.

Nimeiwasha tu, nione. Dakika tatu na sekunde kumi! Mtu anaitwa Mtaalamu na anaishi hivyo. Nilimhurumia kweli. Flashi ipo kwenye kopo la vifungo, na Linux bado imo.

Safari hii najua kosa lilikuwa wapi. Lilikuwa kwenye lugha. Kiswahili chetu neno moja lina maana tatu, mtu unaingizwa mjini na lugha uliyonyonyeshwa. Kwa hiyo nimechagua Kifini. Sijui neno lake hata moja, basi hakuna la kunidanganya.

Imeuliza kitu. Nimekubali. Nimeshika kitambaa, nafuta kioo.